Shajara ya karakana yetu ya majiko: daftari la nyufa na tanuri jipya

Wiki ya 1

Naanza kuandika leo nisije nikasahau tulipotokea. Karakana yetu iko Morogoro, tuko watu tisa, tunatengeneza majiko ya mkaa, yale ya bati nje na kauri ya udongo ndani ambayo wengi mnayo jikoni. Bibi na mabinti wawili wanakanda udongo na kufinyanga kauri kwenye kalibu, Mzee anachoma, mafundi bati watatu wanakata na kukunja, dogo mmoja anashikiza kauri ndani ya bati kwa simenti na vermikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto), mimi nauza na kuzunguka kutafuta oda.

Mradi wa kuboresha kazi yetu nimeupa miezi sita. Kichwani nilikuwa nimeshaamua kitu kimoja kikubwa, kununua mashine ya kukandamiza udongo, ile unaweka tonge, unashusha mkono wa chuma, kauri inatoka imenyooka, bei nimeshapewa na hela nimeshaanza kuweka pembeni maana inafyatua mara mbili ya tunachofanya kwa mikono. Sasa kuna rafiki yangu alipita mafunzo ya kaizen (njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kwa hatua ndogo ndogo) ya wizara ya viwanda, kaniambia usinunue chochote kwanza, kaa wiki tatu uhesabu kinachoharibika na usibadilishe kitu, andika tu. Nimekubali shingo upande kwa kweli, maana wiki tatu za kuhesabu vigae wakati hela ya mashine ipo niliona kama kupoteza muda.

Tumenunua daftari la kaunta, tumeliita daftari la nyufa. Kila kauri ikipasuka inaandikwa imepasukia wapi (kalibuni, chanjani inapokaushwa au motoni) na ufa umekaaje, wa kusimama, wa kulala au wa kuzunguka kitako. Dogo ndo mwandishi.

Wiki ya 3

Hesabu imekamilika leo. Tumefinyanga kauri 600, tumepoteza 171. Kalibuni 38, chanjani 61, motoni 72.

Nimekaa na hiyo karatasi jioni nzima. Siku zote nilikuwa najua tunapasua, ila nilikuwa nasema "kidogo", kumbe kidogo chenyewe ni zaidi ya robo ya kazi ya Bibi. Halafu lililoniuma zaidi ni kwamba ile mashine niliyokuwa naililia inafanya kazi ya kalibuni, sehemu ambayo hasara yetu ni ndogo kuliko zote. Yaani ningeinunua ningefyatua kauri mara mbili ili nikapasue mara mbili kwenye chanja na kwenye moto. Hela ingeondoka na majiko yasingeongezeka ya maana.

Mashine nimeiweka pembeni. Sijasema hatutafanya kitu kikubwa, nimesema sijui bado kikubwa chenyewe kinatakiwa kuwa wapi.

Wiki ya 5

Tumeanza na zile S tano, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Sitaeleza sana maana wengi mmeziona zimebandikwa kwenye kuta za hospitali, sisi kwetu siku ya kwanza tulitoa toroli nne za takataka, kalibu zilizovunjika, bati lenye kutu, magunia ya udongo uliokauka ukawa jiwe. Bibi alifurahi kuliko wote, alisema miaka yote anaruka vitu kwenda kuchukua maji.

Lakini faida ilikuja pale tulipopanga kalibu zote nne juu ya meza moja. Fundi bati mmoja akachukua rula akapima midomo, moja sentimita 25, ya pili 25, ya tatu 25 na nusu, ya nne karibu 26, imelika kwa matumizi. Kumbe ndo maana mafundi bati kila siku wanalalamika kauri haziingii na wanazipiga kwa nyundo ya mpira mpaka zinakwatuka ukingo, na sisi tulikuwa tunadhani ni ubishi wao! Tumezitupa mbili, tumetengeneza mpya kwa kufuata moja iliyo nzuri. Gharama ndogo mno na ugomvi wa miaka umekwisha siku hiyo hiyo.

Wiki ya 6

Chanjani. Hapa mwalimu alikuwa Bibi na naomba niandike vizuri alivyosema.

Nyufa nyingi za chanjani zilikuwa za kusimama, zinaanzia kwenye mdomo wa kauri kushuka chini. Nilikuwa nalaumu udongo. Bibi akanishika mkono akaniwekea kidole kwenye mdomo wa kauri ya jana, halafu akakishusha kwenye kitako. "Unasikia mwanangu? Juu pameshakauka, chini bado pana maji. Juu panataka kusinyaa, chini panakatalia. Wakivutana hapo lazima mmoja achanike." Nimekisikia kweli hicho kitu kwa kidole, mdomo umekuwa wa uvuguvugu na mgumu, kitako cha baridi kama mtungi.

Akasema zamani walikuwa wanafunika midomo ya vyungu kwa majani ya mgomba. Sisi tumetumia magunia yaliyokamuliwa maji, tunafunika midomo tu siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu tunageuza kauri kichwa chini ili kitako kipate hewa. Na ile chanja iliyokuwa mlangoni inapopiga upepo tumeihamishia ukutani. Basi. Hakuna hela iliyotumika zaidi ya kamba.

Wiki ya 8

Chanjani kati ya kauri 200 zimepasuka 7. Kabla ilikuwa kama 20.

Kila Ijumaa jioni tunakaa dakika ishirini na daftari, kila mtu anasema kitu kimoja kidogo cha kubadilisha wiki ijayo, kinajaribiwa, kikishindwa kinatolewa na hakuna wa kulaumiwa. Mwanzo watu walikuwa kimya, wanaogopa kuonekana wanamkosoa bosi. Nadhani kilichowafungua ni lile wazo la binti mmoja la kupaka kalibu majivu yaliyochekechwa badala ya mafuta machafu, kauri inatoka bila kunata, tulilifanya siku iliyofuata na jina lake likaandikwa kwenye daftari. Toka hapo ni mimi ndo nawaomba wapunguze maana dakika ishirini hazitoshi!

Wiki ya 9

Sasa tumegota, na naona hii ni sehemu muhimu ya shajara nzima.

Motoni. Tanuri letu ni la kurundika, unapanga kauri chini, kuni na pumba za mpunga kuzunguka, unafunika kwa mabati mabovu na majivu, unawasha. Mwanzo tulikuwa tunapoteza kauri 24 katika kila 200. Tukajaribu kuanza moto pole pole kwa pumba peke yake masaa mawili, tukaweka kauri juani siku nzima kabla ya kuchoma, tukajenga kiukuta cha tofali kuzuia upepo. Ikashuka. Lakini mioto mitano ya mwisho daftari linasema 17, 16, 18, 17, 16. Haisogei. Na sio kwamba watu wamechoka, mawazo bado yapo, kila Ijumaa tunajaribu jingine na namba inarudi pale pale.

Mimi hapo ndo nimeelewa mpaka wa hatua ndogo ndogo uko wapi. Namba ikigoma wakati watu wameshaishiwa mawazo, unawasubiri, unawapa moyo. Ila ikigoma huku mawazo bado yanamiminika, basi kitu chenyewe unachokiboresha ndo kimefika mwisho wake. Rundo la wazi halina namna ya kushika moto, kauri za upande wa upepo zinaiva nusu, za katikati zinaungua, na hakuna gunia wala kiukuta kitakachobadilisha hilo. Pale unahitaji tanuri jingine kabisa.

Nimekumbuka habari ya Sakichi Toyoda wa Japani, baba wa ukoo uliokuja kuanzisha Toyota. Watu wanaijua Toyota ya magari, lakini mzee yule alikuwa mtu wa vitambaa, alitumia miaka zaidi ya 30 kurekebisha mashine ya kufuma, kitu kimoja leo, kingine kesho, mpaka mwaka 1924 ikatoka mashine inayojisimamisha yenyewe uzi ukikatika. Halafu mwaka 1929 wakauza haki za mashine hiyo kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanae Kiichiro akaingia kwenye magari, kitu kipya kabisa kwao, kampuni ya magari ikasimama mwaka 1937. Watu wanapenda kuisimulia Toyota kama kampuni ya hatua ndogo ndogo tu, mimi naona pale katikati kuna kuruka kukubwa, ila walioruka walikuwa na miaka ya mazoezi ya kutazama kosa dogo likiwa bado dogo.

Na jiko lenyewe hili tunalotengeneza lina historia hiyo hiyo. Lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, miaka ya 1980 mwanzoni wataalamu na mafundi Kenya wakalichukua wakalipa umbo la kiuno, kauri ikakaa nusu ya juu tu. Kuweka udongo ndani ya jiko la bati ilikuwa kuruka. Kulifanya likae vizuri chini bila kupinduka na fundi wa mtaani aweze kulikunja kwa nyundo yake, hiyo ilikuwa kazi ya kurekebisha na kurekebisha tena.

Wiki ya 10

Tumeamua. Hela ya mashine inaenda kwenye tanuri jipya, lile ambalo moto unapanda kwanza, unagonga dari, halafu unavutwa kushuka chini kupita katikati ya kauri na kutokea kwenye matundu ya sakafuni kwenda kwenye bomba la moshi. Kiasi kilichopungua tumekopa kwenye VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Kabla ya kuamua nilikwenda kwa Mzee nyumbani kwake, sikutaka asikie karakanani. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mimi moto ule nimeuchoma miaka ishirini, nausoma kwa moshi. Hilo linyumba mnalojenga nitausoma wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia ukweli, kwamba yeye ndo atakayeamua moto unapanda kwa spidi gani na sisi tutaandika anachoamua. Akasema atalala nalo. Asubuhi alikuja na kamba na vigingi, akaanza kupima mahali pa kujenga.

Wiki ya 13

Ujenzi umechukua wiki tatu. Tofali za kuchoma, matope yenye unga wa vigae (zile kauri zetu zilizopasuka tumezisaga, angalau zimepata kazi), dari ya upinde, bomba la mita nne. Vigae vingine vimeingia kwenye udongo wa Bibi, vinasaidia kauri isisinyae sana. Ndani zinaingia kauri 150 kwa tabaka nne. Tumenunua na kipimajoto cha waya kinachofika zaidi ya nyuzi 1000.

Wakati huo wote rundo la zamani halikusimama, tuliendelea kuchoma kule maana oda hazingoji. Hili nalisisitiza kwa mtu mwenye karakana ndogo kama yetu, usibomoe la zamani siku unayoanza la jipya.

Wiki ya 14

Moto wa kwanza. Kati ya 150 zimepasuka 64.

Naandika hii usiku na mikono bado ina masizi. Tulifungua mlango asubuhi, kila mtu amekuja mapema, hata mke wa Mzee alikuja, na tabaka la juu lote lilikuwa limetawanyika kama mtu amepita na rungu. Bibi alichukua kigae kimoja akakigeuza geuza akakirudisha chini taratibu. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja wa mafundi bati akasema ndo maana wazee walichoma nje.

Mchana tumekaa na namba. Bomba linavuta kuliko tulivyotegemea, joto lilitoka nyuzi 100 kufika 400 ndani ya muda usiozidi masaa mawili. Kuta za tanuri lenyewe zilikuwa bado mbichi, zimejaa maji. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakigeuka mvuke haraka hayana pa kutokea, yanalipua kauri kutoka ndani. Vigae vya juu vingi vilikuwa vya namna hiyo, vimebanduka kama magamba.

Wiki ya 15

Moto wa pili, tumepoteza 41.

Tumechora sakafu ya tanuri kwenye daftari, mraba uliogawanywa vyumba tisa, tabaka nne, na kila kauri iliyopasuka inawekwa alama mahali ilipokaa. Picha imejitokeza yenyewe, zaidi ya nusu ziko upande wa kiukuta kinachotenganisha moto na kauri, na tabaka la juu. Moto unaruka kiukuta na kuzilamba moja kwa moja.

Kumbuka hii njia ya kuweka alama tuliijua kwa sababu ya lile daftari la wiki ya kwanza. Kama tungejenga tanuri bila zile wiki za kuhesabu, leo tungekuwa tunagombana tu na wengine wangeshalibomoa.

Wiki ya 16

Kiukuta tumekiongeza mistari mitatu ya tofali na kuacha nafasi ndogo ndogo katikati. Moto wa tatu, 29. Lakini tabaka la chini halikuiva. Unajua kwa sauti, kauri iliyoiva ukiigonga kwa konzi inalia kama kengele, isiyoiva inasema dhub, kama boga. Mstari mmoja tumeutoa.

Na hapa nataka kumwandika Mzee. Kipimajoto kinakwambia joto ila hakikwambii kama maji yamekwisha ndani ya kauri. Mzee alienda kuchukua panga la baridi, akalishika kwenye tundu la kuchungulia kidogo tu, akalitoa akatuonyesha. Lilikuwa na jasho, matone madogo yamejipanga kwenye chuma. "Bado wanatoa maji, msiongeze kuni." Tukasubiri saa nzima. Akarudia, jasho limepungua. Mara ya tatu panga likatoka kavu, akasema sasa. Kipimajoto kilikuwa kinasoma nyuzi 130 muda wote ule na mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua gogo.

Panga sasa ni kifaa rasmi, linaning'inia pembeni ya tanuri na halikati kitu kingine.

Wiki ya 17

Moto wa nne, 12! Tumekula pilau.

Wiki ya 18

Moto wa tano, 38. Hii ni yangu. Kulikuwa na oda ya kupeleka Dar, nikaagiza mlango ufunguliwe jioni wakati kipimajoto kinasoma zaidi ya nyuzi 600 ili papoe haraka. Dogo aliniuliza mara mbili. Ndani ya udongo kuna chembe za mchanga mweupe, ile kwazi, na kwenye nyuzi 573 inabadilisha umbile, ikipanda inatanuka ghafla na ikishuka inasinyaa ghafla, kwa hiyo ukipita pale kwa haraka upande mmoja wa kauri unasinyaa mwenzake bado. Nyufa zote zilikuwa nyembamba kama unywele na zilizunguka kauri nzima. Tulizisikia zikilia ndani, tik, tik, tik, tumesimama nje hatuna la kufanya.

Oda nimechelewesha kwa siku nne, mteja nimempigia nikamweleza. Kanuni imeandikwa ukutani, mlango haufunguliwi mpaka kipimajoto kiwe chini ya 80, na mwenye ruhusa ya kufungua ni Mzee peke yake, hata mimi nikiagiza.

Wiki ya 19

Moto wa sita, 9. Kwa mara ya kwanza tumelipita rundo la zamani, maana kule 16 kwa 200 ni kama 12 kwa 150. Imetuchukua wiki sita toka moto wa kwanza. Ningependa mtu angeniambia mapema kwamba kitu kipya kitakuwa kibaya kuliko cha zamani kwa muda, sio kwa sababu wazo ni bovu, ila cha zamani kina miaka ishirini ya marekebisho madogo ndani yake na kipya hakina hata moja. Hayo marekebisho lazima uyalipe yote, tofauti ni kwamba mkiwa na daftari mnayalipa kwa wiki badala ya miaka.

Kuni zimepungua sana pia, kwa rundo tulikuwa tunachoma mikokoteni mitatu kwa kauri 200, sasa mmoja na nusu kwa 150, na uchomaji bado tunaujifunza.

Rundo la zamani tumelizima. Mzee mwenyewe ndo aliyefagia majivu.

Wiki ya 20

Moto wa saba, 6. Sasa shida imehama, tanuri linalala. Likishapoa inachukua masaa tisa kutoa kauri, kusafisha, kukagua na kupanga nyingine, kwa hiyo tunachoma mara moja kwa wiki.

Kuna Mjapani mwingine, Shigeo Shingo, mwaka 1969 alikuwa Toyota kwenye mashine ya kukandamiza bati ya tani 1000, kubadilisha kalibu yake kulikuwa kunachukua masaa manne. Wakaishusha mpaka saa moja na nusu, halafu baadaye mpaka dakika tatu. Kitu alichofanya ni kutenganisha kazi za ndani na kazi za nje, yaani ipi lazima mashine isimame ndo uifanye, na ipi unaweza kuifanya huku mashine inaendelea na kazi yake.

Tukakaa Ijumaa tukazigawa za kwetu. Kukagua kauri zilizoiva, nje. Kupasua kuni, nje. Kuchagua kauri zipi zikae wapi, nje kabisa, na hii ndo ilikuwa inakula muda kuliko zote, watu wamesimama mlangoni wanabishana kubwa ikae chini au juu. Binti yule wa majivu amechora kwa chaki sakafuni mraba sawa sawa na wa ndani ya tanuri, na wakati moto unapoa tabaka zote nne zinapangwa pale chini moja moja, kila kauri inapewa namba. Siku ya kupakia ni kuhamisha tu. Masaa tisa yamekuwa manne na robo, tunachoma mara mbili kwa wiki.

Wiki ya 22

Nilianza kuona kitu kinanitia wasiwasi. Ijumaa zetu zimekuwa nzuri mno. Kila wazo ni la kupunguza, kuharakisha, kunyoosha. Hakuna aliyesema kitu cha ajabu kwa mwezi mzima. Na naelewa, mkishakuwa na namba nzuri ukutani kila mtu anaogopa kuiharibu, hakuna anayetaka moto wake uandikwe 20.

Huku nje mambo yanabadilika. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Jiko la mkaa hata likiwa na kauri isiyo na ufa hata mmoja halitabaki na soko lile lile. Tunaweza kuliboresha mpaka likawa jiko bora kabisa ambalo hakuna anayelitaka. Hilo linaninyima usingizi kuliko nyufa.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu mpya, kila moto nafasi kumi kwenye tabaka la pili, pale katikati panapoiva vizuri, ni za majaribio. Hazihesabiwi kwenye hasara. Mtu yeyote anaweza kuomba nafasi, aeleze tu anataka kujua nini. Zisipojazwa tunaacha wazi, hatuzijazi kauri za kawaida, maana tukianza kuzijaza zitapotea kimya kimya.

Walioomba kwanza: Bibi, anachanganya maranda kwenye udongo. Yakiungua ndani ya kauri yanaacha vitundu, kauri inakuwa nyepesi na haipitishi joto sana kwenda nje kwenye bati. Debe moja kwa udongo madebe manne ilivunjika mkononi kama mkate. Moja kwa nane imesimama, ukiishika ni nyepesi unashangaa. Fundi bati mmoja ameomba tatu, anataka kauri ya shimo jembamba na refu yenye matundu ya hewa pembeni kwa ajili ya mkaa mbadala, ule wa kukandamizwa wa mabaki ya mashamba, kwa sababu hauwaki vizuri kwenye jiko letu la kawaida, majivu yake mengi yanaziba wavu.

Za kwanza za fundi bati zilipasuka zote tatu. Zimeandikwa kwenye daftari kurasa za nyuma, na ufa umechorwa.

Wiki ya 24

Moto wa kumi na tatu unapoa. Motoni tuko kati ya 4 na 7 kwa mioto ya karibuni, chanjani 5 mpaka 6 kwa kila 200, kalibuni tumeshindwa kushuka sana na nadhani ni mikono mipya, tumeongeza binti mmoja wiki mbili zilizopita na bado anajifunza. Mashine ya kukandamiza tumeizungumza tena leo. Sasa inaanza kuwa na maana, tanuri linakula kauri 300 kwa wiki na Bibi anachoka. Ila Bibi kasema kama itakuja anataka kwanza tupime udongo wake wa maranda unakandamizwaje, maana maranda yanavimba yakinywa maji. Hilo limeandikwa kama jaribio la wiki ijayo, tutakwenda na ndoo mbili za udongo kwa mtu mwenye mashine hiyo atufyatulie kauri ishirini.

Mkopo wa VICOBA umebaki marejesho matatu.

Ndani ya tanuri sasa hivi kuna kauri 140 za kawaida, sita za Bibi, nne za fundi bati zenye shimo refu, safari hii kaongeza unene wa kitako na kahamisha matundu ya hewa juu zaidi, kwa sababu nyufa zote zilianzia kwenye matundu. Tumezoea kila mtu anaandika ubashiri wake kabla ya kufungua, zitapasuka ngapi. Mimi nimeandika 6. Binti mpya kaandika 10. Mzee kaja saa mbili usiku na panga lake ingawa moto umeshazimwa, kachungulia kwenye tundu, kasikiliza kidogo kwa sikio moja, kaandika 3 na kando yake kaandika "za shimo refu zote nne nzima". Kipimajoto kinasoma 310. Saa kumi na mbili asubuhi tutaangalia tena.